Muulize Ami Fundi: Spika za bei ya nyumba

*Ami Fundi, shikamoo. Mwezi uliopita ulidokeza kwamba ulikwenda Munich, Ujerumani, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki vya bei kali, kisha ukanyamaza. Hebu tuambie ulisikia nini. Nauliza kwa sababu nimenunua spika mbili za kusimama, za mitumba, na ampli nzuri, nikaziweka sebuleni katika nyumba ya marehemu nyanya, Kibokoni, Mombasa. Zimeegemea ukuta mrefu, na kochi limeegemea ukuta unaozitazama. Nikipiga taarab, gitaa la besi likigusa noti moja tu nyumba nzima hunguruma na sauti ya mwimbaji huzama. Mke wangu asema niziuze. Nina akiba ya shilingi 80,000. Ninunue kubwa zaidi? — S., Kibokoni*

Marahaba, mwanangu. Hiyo akiba irudishe ulikoitoa, tuzungumze kwanza.

Nilinyamaza nisionekane najisifu. Aliyenipeleka ni mpwa wangu anayefanya kazi kule. Mimi na senti zangu za kutia risasi redio za watu nisingefika hata Nairobi kwa ndege. Maonyesho yenyewe yanaitwa High End. Yalikaa Munich tangu 2004 mpaka 2025, katika jengo la MOC, ndipo yakahamishiwa Vienna, Austria, kuanzia 2026. Vyumba vingi vya ghorofani mle vina ukuta wa kioo upande mmoja. Hicho kioo kikumbuke, tutakirudia.

Nilibeba flashi mfukoni. Ndani mna kanda moja niliyoirekodi mwenyewe mtaa wa Majengo miaka ya themanini, mazoezi ya alasiri kabla ya arusi: udi, fidla, taishokoto (kile kinanda cha nyuzi chenye vibonye), ngoma ya dumbak, gitaa la besi, na mama mmoja mwenye koo. Kanda hiyo naijua kama ninavyojua ngazi za nyumbani kwangu gizani. Niliibeba kwa sababu wauzaji wana nyimbo zao. Chumba baada ya chumba utamkuta mwanamke ananong'ona, na besi la kusimama linamjibu polepole. Rekodi ya namna hiyo hata redio ya mfukoni huipamba.

Chumba cha kwanza walichonikubalia kilikuwa na spika za honi, midomo yake mipana kama sinia la biriani, zikiendeshwa na ampli ya vali, zile chupa za kioo zinazowaka kama za redio za zamani, aina ya 300B. Vali hiyo ilitoka kwa Western Electric ya Marekani mwaka 1938, na ikifanya kazi peke yake hutoa wati 8 hivi. Wati nane! Wewe ukienda dukani unaambiwa mia tano. Lakini honi nzuri ukiipa wati moja hukupa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 105 ukiwa umbali wa mita moja, na spika ya kawaida hukupa kama 87. Tofauti hiyo ya desibeli 18 maana yake spika ya kawaida yataka nguvu mara 63 hivi ndiyo iifikie honi.

Basi wakaipiga kanda yangu. Kwanza nikasikia vibonye vya taishokoto vikigonga mbao, tak, tak, kabla ya kila noti, kama mtu anayepiga chapa chumba cha pili. Halafu, baina ya ubeti wa pili na wa tatu, akalia kunguru. Mara mbili. Wallahi kunguru huyo sikuwahi kumsikia, na alikuwamo kwenye kanda yangu miaka yote hiyo. Mpwa wangu alicheka mpaka watu wakageuka. Lakini dumbak haikunipendeza: ilikuwa nyepesi, kama mtu anagonga kopo kwa kijiko.

Chumba kingine kilikuwa na spika za utando. Hazina koni, ile karatasi ya duara inayocheza mbele ya spika. Ni utando mwembamba sana uliowambwa baina ya bamba mbili zenye matundu, na umeme wa volti elfu kadhaa ndio unaoucheza. Quad ya Uingereza ilianza kuziuza mwaka 1957, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba hakujatokea tena sauti ya mtu kama ile. Nami sitabishana nao. Yule mama wa Majengo alisimama mbele yangu, nikasikia anavyomeza mate kabla ya kupandisha. Nilipohamia kiti cha pembeni, akaondoka. Ukiwa na wageni watatu, wawili wao watasikia kivuli tu. Na kwa unyevu na chumvi yetu ya hapa, volti hizo zote karibu na utando uliojaa vumbi, fundi kama mimi atapata riziki na mwenye spika atapata presha.

Sasa nije kwenye jambo lako. Chumba cha ghali kuliko vyote nilivyoingia kilikuwa na spika ndefu kunishinda, bei ya nyumba ya Nyali na kisima chake. Wakaipiga kanda yangu, gitaa la besi likafika kwenye noti fulani, na kile kioo kikaanza kutetemeka. Nguruma ileile yako! Yule kijana muuzaji, mpole, amevaa suti, alifanya nini? Aliongeza sauti. Ndiyo hila yao kongwe: ukipandisha desibeli moja tu, sikio halijui kwamba sauti imepanda, hulidanganya tu kwamba imekuwa nzuri.

Mwanangu, kinachonguruma kwako ni chumba. Nyumba zetu za mawe upana wa chumba uliamuliwa na boriti ya mkoko, na boriti haivuki sana mita 2.8. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Gawa kwa upana mara mbili, utapata mitetemo 61 hivi kwa sekunde, nayo ni noti iliyo katikati kabisa ya kazi ya gitaa la besi. Noti hiyo ikitoka ukutani huenda ukuta wa pili, hurudi, hujikuta yenyewe, hujazana. Wewe umeziegemeza spika ukuta huu na kichwa chako umekiegemeza ukuta ule: yaani umekaa penye kilele. Na kuta za dhiraa moja ya mawe hazimezi kitu. Ukinunua spika kubwa zaidi utaongeza kuni tu.

Zihamishe ziende upande mfupi, zitazame urefu wa chumba, moja kulia na moja kushoto, umbali sawa na kuta za pembeni. Zikisukuma besi kwa pamoja, lile wimbi la upana hujiua lenyewe. Ziache futi mbili mbele ya ukuta, mbali na pembe. Pembe huzidisha besi mno. Kuna spika kama Klipschorn ya Marekani, ya tangu 1946, iliyotengenezwa makusudi ikae kwenye pembe ya chumba na kuzitumia kuta, lakini yako siyo hiyo. Kochi nalo lisiguse ukuta wa nyuma. Mkeka na zulia hutuliza ukali wa juu tu, besi hazioni. Godoro zito la sufi ulisimamishe kwenye pembe ya chumba, hilo husaidia kidogo, ikiwa mkeo atakubali. Mwisho, spika zako zikiwa na tundu nyuma, litie soksi, usikilize tena.

Na kabla ya yote bonyeza kwa kidole ule ukingo unaozunguka koni. Ukiwa wa sponji ukamomonyoka, joto la Pwani limeshaumaliza, uniletee niubadilishe kwa wa mpira. Kazi hiyo haifiki robo ya akiba yako.

*Ami, nimeambiwa waya wa spika wa kuagizwa ng'ambo, mita tano kwa shilingi 30,000, hufungua sauti. Kweli? — Mama R., Tudor*

Mama R., kule Munich niliona waya nene kama mkono wa mtoto, zimewekwa juu ya vigingi vya mbao zisiguse zulia. Sikusikia zilichofungua. Nenda duka la vifaa vya umeme, uombe waya wa shaba wa milimita mraba 2.5. Mita tano, kwenda na kurudi, upinzani wake haufiki ohmu 0.1, na spika yako ni ohmu 8. Ila hapo Tudor upepo wa bahari unakufikia, kwa hiyo ncha zitie risasi kabla hujazifunga, la sivyo mwakani zitakuwa kijani.