Barua kwa mwanangu: aliyepimwa ni nani?

Mwanangu Zuwena,

Marahaba. Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema mkuu wa idara amekutaka uingize utofauti na ujumuishi katika somo la utangulizi wa saikolojia, na papo hapo wanafunzi wako wa mwaka wa tatu wanataka kupima sonona, yaani huzuni nzito iliyo ugonjwa, kwa wanawake wa Unguja na Pemba. Unauliza kama yatosha kuongeza mifano ya Kiafrika kwenye mihadhara na kuhakikisha nusu ya watakaohojiwa wanatoka huku Pemba.

Hayatoshi, na hilo la pili laweza hata kukupoteza. Ukiwapelekea Wapemba mia dodoso bovu, utarudi na majibu mabovu mia. Kabla ya kuhesabu watu, tazama kipimo.

Fani yetu ina ugonjwa wake wa zamani. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipitia majarida sita ya chama cha wanasaikolojia cha Marekani, matoleo ya 2003 hadi 2007. Asilimia 68 ya sampuli zilitoka Marekani, na asilimia 96 zilitoka nchi tajiri za Magharibi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Katika jarida moja la saikolojia ya jamii, sampuli mbili katika kila tatu za Kimarekani zilikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza waliokuwa wakisoma saikolojia. Watu wetu wakiyasikia haya hufurahi, kisha huchukua wanafunzi 100 wa chuo kikuu cha Tunguu na kuandika "Wazanzibari". Kosa ni lile lile, limebadilisha kanga tu. Kijana aliyefika chuo kikuu, anayejaza fomu kwa kalamu na asiyeogopa mtihani, hamwakilishi bibi wa Kojani, hata kama wote wawili ni Wapemba. Wanafunzi wako wakitumia wenzao, waandike "wanafunzi wa chuo", basi.

Sasa dodoso. Umesema mnataka CES-D, kile kipimo cha sonona cha Kimarekani, cha maswali 20, kilichotoka 1977. Swali lake la tatu linatumia msemo wa Kiingereza unaoita huzuni kwa jina la rangi ya buluu. Mfasiri mvivu atakuletea buluu kwelikweli. La ishirini lina msemo wa kushindwa "kwenda", na mwanamke wa shamba atakujibu kuwa miguu yake mizima. Hayo ni makosa mepesi, yanaonekana. Baya ni lisiloonekana, mfano swali la nne, la kujiona una thamani sawa na watu wengine. Kwa Kiswahili linatafsirika vizuri kabisa, ila mtu mwenye adabu hajisifu mbele ya mgeni. Atasema "hata, mimi nani?" na swali hilo huhesabiwa kinyume, kwa hiyo unyenyekevu wake utaandikwa kuwa dalili ya ugonjwa. Neno "wasiwasi" nalo lina mzigo wake: kwa aliyesoma chuo cha Qur'ani ni minong'ono ya shetani, na kukiri kuwa unao ni kama kukiri udhaifu wa imani. Watu wetu wakielemewa husema "nina mawazo", "moyo hautulii", "usingizi haunichukui". Anzeni na maneno hayo.

Kazi ya tafsiri ifanyeni hivi. Wafasiri wawili, kila mmoja peke yake: mmoja anayeijua saikolojia na mwengine asiyeijua kabisa. Wa tatu akae nao walinganishe, neno kwa neno, na sababu ya kila uamuzi iandikwe. Kisha mtu ambaye hajaliona dodoso la asili alirudishe kwenye Kiingereza. Hapa wengi huridhika mapema. Mrejeshaji hodari huitengeneza sentensi mbovu kichwani mwake, hurudisha Kiingereza kizuri, na nyinyi mkadhani Kiswahili nacho ni kizuri. Kwa hiyo usiishie hapo. Kaeni na watu wanane hadi kumi kila mahali mtakapokwenda, msome swali moja, kisha muulize: "Hapa nimekuuliza nini?" Akieleza kitu chengine, swali ndilo lililokosea. Wakikosea watatu katika kumi, libadilisheni na mrudie kwa watu wapya. Baada ya hapo ndipo mlijaribu dodoso zima kwa watu 30 hadi 40 ambao hawatakuwemo kwenye utafiti wenyewe. Kazi hii haipungui wiki sita. Kama muhula hauna wiki hizo, punguzeni shehia, msipunguze hatua.

Msiandike dodoso kwa Kipemba wala Kimakunduchi, litawafunga wengine. Liandikeni kwa Kiswahili chepesi, na mhojaji awe na karatasi ya maneno mbadala yaliyokubaliwa tangu mwanzo. Akiachiwa aeleze anavyojua, mtakuwa na dodoso nyingi kama idadi ya wahojaji.

Ngazi za majibu, kutoka "nadra au hata mara moja" hadi "karibu wakati wote", ziondoeni kwa wasiozizoea. Chora glasi nne za maji: tupu, robo, nusu, iliyojaa. Na ulizeni siku, msiulize hali. "Hali yako vipi?" jibu lake ni Alhamdulillah, iwe mtu yu mzima au anakufa, kwa sababu kulalamika mbele ya mgeni ni kama kukosa shukrani kwa Mungu. Lakini ukimuuliza katika wiki iliyopita siku ngapi ameamka usiku akashindwa kulala tena, atahesabu kwa vidole.

Maswali ya mwanzo, yale ambayo kila mtu huyanakili bila kuyafikiri, ndiyo yenye mitego kwetu. "Umesoma mpaka wapi?" Mwanamke atasema hakusoma, naye amehitimu Qur'ani na anaandika barua kwa herufi za Kiarabu. Ulizeni skuli mbali na chuo cha Qur'ani, na kusoma kwa kila aina ya herufi mbali. "Una ndugu wangapi?" Ndugu wa tumbo moja, wa baba mmoja, au hata watoto wa mama mdogo? Na "kaya" ni neno la watu wa sensa. Ulizeni wanaokula chungu kimoja. Mume mwenye wake wawili akihesabiwa kila nyumba, ni watu wawili kwenye takwimu zenu.

Halafu muda. Wakulima wa mwani hushuka pwani siku za bamvua, bahari inapokupwa mbali. Mkienda Paje au Jambiani siku hizo mtawakuta nyumbani wagonjwa, wazee na wasiolima, na sampuli yenu itakuwa na huzuni ambayo haiko kijijini. Nendeni maji mafu, baada ya siku ya 7 au ya 22 ya mwezi mwandamo. Pemba epukeni kilele cha karafuu. Ramadhani iacheni kabisa: kipimo kinachouliza wiki iliyopita juu ya hamu ya kula na usingizi kitamkuta kila mtu anaamka daku na mchana hali kitu, na mtagundua mji mzima una sonona.

Mwanamke ahojiwe na mwanamke, na mahali ambapo mkwe hasikii. Kibali cha kamati ya maadili, ile iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya, mtakipata kabla ya kuvuka, kisha sheha. Ila ruhusa ya sheha ni ya kuingia kwenye shehia, si ridhaa ya mtu yeyote. Ya mume vile vile. Mwenyewe aulizwe, peke yake, na aambiwe anaweza kuacha katikati. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi asiyekuwa wa timu yenu. Na kama dodoso lina swali la kutaka kujidhuru, hakikisheni kabla ya siku ya kwanza kuna jina na nambari ya simu ya mhudumu atakayempokea mtu huyo siku hiyo hiyo. Kwa Unguja iko hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu. Kwa Pemba jina liandikwe kwenye karatasi ya kila mhojaji. Bila ya hilo swali lifutwe.

Waliokataa waandikwe idadi na, wakitaja, sababu. Viziwi wasiachwe kwa kisingizio cha kukosa mkalimani. Tafuteni mkalimani wa lugha ya alama, msimtumie mtoto wa nyumbani kumtafsiria mama yake.

Matokeo yakija, wanafunzi watakimbilia kulinganisha wastani wa Unguja na wa Pemba. Wazuie. Kwanza watazame swali moja moja, kila kisiwa peke yake, linakwenda vipi na jumla ya alama za maswali yote. Swali linalokwenda na jumla Unguja na lisilokwenda nayo Pemba si swali moja tena, na tofauti ya wastani haina maana. Wala wasijivunie alfa ya Cronbach ya 0.8. Inaonyesha kuwa maswali yanakubaliana wenyewe kwa wenyewe. Hata uongo hukubaliana.

Darasani ni rahisi zaidi, na hapo sitakuchosha. Futa ile wiki ya mwisho ya "saikolojia na utamaduni". Inawafunza kuwa utamaduni ni wa wengine. Badala yake kila utafiti unaoutaja, mwanafunzi aandike mstari mmoja: aliyepimwa ni nani, wapi, kwa lugha gani. Milgram na utafiti wake wa utii, katika ripoti ya 1963: wanaume 40 wa New Haven na jirani zake. Jela ya kuigiza ya Stanford, 1971: vijana wa kiume 24. Ainsworth, mtafiti wa mapenzi ya mtoto na mama yake, ambaye vitabu humweka Baltimore, alianza kuwatazama mama na watoto Uganda. Baada ya wiki nne watauliza wenyewe bila kuambiwa.

Mifano ya Kiafrika weka ile inayopindua hoja. Serpell, 1979: watoto wa Zambia waliwapita wa Uingereza kunakili maumbo kwa waya, wa Uingereza wakawapita kwa kalamu na karatasi, kwenye udongo wakalingana. Wakpelle wa Liberia walipoambiwa wapange vitu vinavyokwenda pamoja, waliweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa. Walipoulizwa mpumbavu angepangaje, wakapanga vyakula na vyakula, vyombo na vyombo, kama vile watafiti walivyotaka tangu mwanzo. Kisha wapime wenyewe kukumbuka tarakimu kwa lugha mbili. Kutoka moja hadi tisa, Kiingereza kina neno moja tu lenye silabi mbili; kwetu hakuna lenye pungufu ya hizo. Huko Wales ilionyeshwa 1980 kuwa tarakimu zinazochukua muda mrefu kutamkwa hukumbukwa chache. Mtoto wa Micheweni akipimwa kwa Kiswahili na kusomewa viwango vya waliopimwa kwa Kiingereza, ameshapunjwa kabla hajafungua mdomo.

Mwanafunzi wa Tumbatu usimgeuze msemaji wa Watumbatu. Muulize alichosoma, kama wenzake. Slaidi mpe asiyeona siku tatu kabla, kwa faili ambalo simu yake inaweza kulisoma, si picha ya ukurasa. Na mitihani sahihisha kwa namba, majina yafunikwe.

Dodoso nitumie kabla hamjaanza yale mahojiano ya watu kumi. Niandikie na kando ya kila swali nani alilitafsiri na kwa nini alichagua neno hilo. Bila ya hayo sitaweza kukusaidia.

Mama yako,
Wete