Re: Mdogo wangu anasema kichwa kinakimbia

Habari dada, pole kwanza. Umeuliza mdogo wako usiku wa nne hajalala, anaongea mbio na kuruka mada, je akisema kichwa kinakimbia ndo yale "ana mawazo" ya kawaida?

Hapana, sio mawazo ya ada na kodi. Mi nina baipola, ule ugonjwa wa akili wa hali ya moyo kupanda sana na kushuka sana, na ikipanda ni kama redio kumi zimewashwa pamoja na zote tamu. Siku moja nyumbani Ngamiani, Tanga, nakaza cheni ya baiskeli, nikawaza cheni, nikawaza karakana, mara karakana ishirini, mara meli bandarini, nimpigie mjomba Pemba, cheni bado ipo mkononi grisi inadondokea kanzu na hapo ni saa tisa usiku. Na ni raha! Hasira zinakuja baadae, mdomo haukifikii kichwa afu nyie wote mnaonekana wazito.

Angalia usingizi kwanza: anautafuta anaukosa, au halali na wala hachoki? Kama hachoki msingoje, mpelekeni hospitali leo leo. Muulize pia kama ameanzishiwa dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) karibuni, kwa mwenye baipola dawa hiyo ikitumika peke yake bila ya kutuliza baipola inaweza kumpandisha, na mirungi hivyo hivyo. Mi sio daktari, hayo mtajie daktari, dawa msimkatishe wenyewe.

Kubishana nae achana nako. Na simu yenye hela ishike wewe, mi nilishanunua spoku za baiskeli mia sita, zipo uvunguni hadi leo.