Maswali ya Magari: Moyo uko kwa 240Z, mfukoni paundi 12,000

SWALI: Habari za kazi kaka, mimi ni mtu wa Mombasa ila kwa sasa niko Leicester huku Uingereza. Nataka ninunue spoti kari ya zamani, ya kuendesha barabarani wikendi na ya kuingia nayo saketi, yaani barabara za mashindano, zile siku wanazofungulia watu wa kawaida, Donington Park iko jirani tu. Nina paundi 12,000. Roho yangu iko kwa Datsun 240Z, mzee wangu alikuwa haishi kutusimulia habari za Safari Rali. Rafiki mmoja anasema chukua Porsche 944, mwingine anasema Mazda MX-5 ila wenzetu wanacheka eti hiyo gari ya kina dada. Nifanyeje?

JIBU: Salama kaka. Kwanza mzee wako hakukudanganya, ile 240Z ilichukua Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann, ikarudi 1973 ikachukua tena na Shekhar Mehta, na mwaka huo alilingana pointi na Harry Källström ambaye naye alikuwa kwenye Datsun, mpaka ikabidi sheria ya kuvunja sare ndo itoe mshindi. Kwa hiyo mapenzi yako nayaelewa kabisa.

Ila kwa hiyo hela, kaka, 240Z utakayopata ni kutu iliyopakwa rangi. Ukienda kuiangalia beba sumaku ndogo, ifunge kitambaa usichubue rangi ya watu, pitisha kwenye fenda, chini ya milango na pale tairi la nyuma linapokaa. Ikishika hapa, pale ikateleza, ujue ndani ni puti, ile dawa ya kuzibia mashimo. Kisha fungua boneti chungulia chini ya betri, halafu lala chini uangalie vile vyuma virefu vya chesisi, maana vikishaoza unachomelea mpaka hela inakwisha na gari bado liko juu ya stendi. Na hata ukipata nzima, hivi kweli utateremka nayo zile kona za Donington wanaziita Craner Curves kwa nguvu huku unawaza fenda moja itakugharimu nini? Utaendesha kwa woga, na siku ya saketi ukiwa na woga bora ukae nyumbani unywe chai.

944 ni gari tamu, sikatai. Injini mbele, giabox nyuma, uzito umegawanyika vizuri sana, kwenye kona imetulia mno. Shida yake ni mikanda, taimingi belti ikikatika pistoni zinagonga valvu na injini ndo basi tena. Muuzaji akikwambia mikanda ilibadilishwa mwombe risiti, akianza kujiumauma we hesabu ni kazi yako kuifanya siku ya kwanza, pamoja na pampu ya maji maana inazungushwa na belti hiyohiyo.

Mimi ningechukua MX-5, ile ya kwanza ya 1989 hadi 1997 yenye taa za kuinuka, na wanaocheka waache wacheke, wengi wao hata saketi hawajaingia. Ni nyepesi, iko chini ya kilo 1,000 kwa zile za injini ya lita 1.6, kwa hiyo hailagi breki wala tairi ovyo. Spea tele na fundi yeyote anaijua. Kutu inayo pia, gusa pale chini nyuma ya mlango kabla ya tairi, matundu ya maji yakiziba panaoza kuanzia ndani na nje huoni kitu. Kisha chenji itakayobaki ndo tamu yenyewe: weka roll-ba ya nguvu, kile chuma cha kulinda kichwa gari likipinduka, maana gari la paa la turubai waandaaji wengi wa siku za saketi hawakuruhusu bila hiyo, weka pedi nzuri za breki na mafuta mapya ya breki yanayostahimili joto, yale ya zamani yakichemka unakanyaga pedeli inaenda mpaka chini. Tairi angalia zile namba nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa, tairi la miaka 10 hata kama meno yamejaa litupe.

Mambo mawili watu husahau. Bima ya barabarani kwa kawaida haikulindi ndani ya saketi, uliza kabla. Na ukiwa na ndugu London, MX-5 ya miaka hiyo italipa paundi 12.50 kila siku unayoingia, ile ada ya magari yanayochafua hewa (ULEZ), wakati 240Z imeshapita miaka 40 na inasamehewa. Hapo Datsun imekushinda, nakubali.

SWALI: Na mimi niliye Nairobi naweza kuagiza MX-5 kama hiyo toka Japani? Msomaji, South B.

JIBU: Hapana ndugu yangu, Kenya gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliingii. Tafuta lililokwisha kuwepo nchini tayari lina namba. Nenda Concours d'Elegance, yale maonyesho ya magari pale Ngong Racecourse, ongea na wenye magari wenyewe, wengi wanajua nani ana gari limefunikwa turubai gereji na mkewe ameshalichoka.