Bangili, koti na nyumba: ishara tuzisomeje?

SWALI: Ndugu mhariri, naandika insha kuhusu riwaya ya Paule Marshall, Brown Girl, Brownstones (1959), inayosimulia familia kutoka Barbados inayohangaika Brooklyn, New York. Nimeandika kwamba nyumba ni ishara ya "ndoto ya Marekani" na bangili ni ishara ya "utamaduni". Mwalimu amenirudishia, akisema nimebandika majina tu. Tatizo liko wapi?

JIBU: Tatizo ni kuipa kila ishara maana moja, tena mapema mno. Nyumba ile Silla na mumewe Deighton hawaitazami kwa jicho moja. Wao ni wapangaji tu, na Silla anataka kuinunua kwa udi na uvumba, kwa kuwa miongoni mwa Wabarbados wenzake mwenye nyumba ndiye anayehesabiwa kuwa mtu. Deighton anaota kujenga kwenye ardhi aliyorithi kwao. Basi ardhi na nyumba zisome pamoja: ya huku haipatikani mpaka ya kule iuzwe. Silla anaiuza kwa siri, kwa barua za kughushi. Fedha zikimfikia Deighton mkononi, anazimaliza kwa zawadi, likiwemo koti jekundu la mkewe. Wanafunzi wengi hulipita koti hilo, na mimi naona ndilo lenye utamu kuliko vyote: ni zawadi, na papo hapo ni kisasi.

Chukua daftari, chagua vitu viwili, usizidishe. Kila kimoja kipe safu tatu: ukurasa, nani anacho au anakitazama, na nini kimebadilika tangu kilipotajwa mara ya mwisho. Safu ya tatu ikibaki tupu kila mara, hicho ni sehemu ya mandhari, kiache. Baridi ndiyo inayowaponza wasomaji wa riwaya za wahamiaji. Si kila theluji ni upweke; nyingine ni Januari tu.

Sasa bangili. Selina, binti wa Silla na Deighton, ana mbili za fedha tangu utotoni. Mwishoni, kwenye vifusi vya nyumba zilizobomolewa, anaitupa moja na kubaki na moja. Kama bangili ni "utamaduni", je, ametupa nusu yake? Hesabu haikubali. Tazama anakoelekea: anataka kwenda Karibi, na kitu cha huko anakiacha mahali alipokulia. Kwa hiyo futa "bangili ni ishara ya utamaduni", uandike: "Selina anapotupa bangili moja, anakiri kwamba Brooklyn nayo inamdai." Kisha nukuu mstari mmoja au miwili ya tukio hilo, na ueleze kitenzi chake kabla ya kueleza bangili.