Jibu: Kompyuta ya 2013, nitengeneze au ninunue nyingine?

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: mashine yako ya mezani yachukua dakika kumi kuwaka, saa yapotea kila umeme ukikatika, na fundi hapo Kisauni akwambia utupe tu.

Usitoe pesa bado. Hiyo saa ni kibetri cha CR2032, kile cha duara kwenye bodi kuu ya ndani. Bei yake haifiki sahani ya biriani. Kuhusu kuchelewa kuwaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager ifunguke, uangalie safu ya diski. Ikikaa kwenye asilimia 100 na hujafungua kitu, basi ndiyo inayokuchelewesha. Weka SSD ya SATA (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka), hata ya GB 240, na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ifike GB 8. Nakili picha na hati zako kwanza, kabla fundi hajagusa chochote!

Ila fungua kifuniko kabla ya kununua. Hewa yetu ya pwani ina chumvi. Ukiona ukijani wa kutu kwenye bodi, au kapasita (vile vikopo vidogo vya bodi) zimevimba vichwa, acha, nunua nyingine. Mimi bila kuiona siwezi kukuhakikishia bodi ni nzima.

La kukera ni hili: masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma 14 Oktoba 2025, na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya 2013 haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa kuandika, barua pepe na YouTube, Linux Mint, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, yatosha. Kama watoto wahitaji programu za Windows, tafuta kompyuta iliyotumika yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. SSD utaihamishia huko.