Kompyuta tatu, modemu moja: kupunguza data ambazo Windows hutuma nje ya nyumba

SWALI

Papa Fundi, nakusalimu kutoka Nguba, hapa Bukavu. Nyumbani tuna kompyuta tatu zinazotumia modemu moja ya 4G. Mbili zina Windows 11, na ile ya zamani ina Windows 10. Katika mojawapo ninaandika hesabu za likelemba yetu (chama chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu), pamoja na majina na nambari za simu za akina mama wote. Mtoto wangu anasema Windows hutuma habari zetu Marekani, na kwamba ataifunga kabisa kwa kubandika orodha ya majina ya seva (kompyuta za mbali zinazopokea habari hizo) aliyoipata kwenye intaneti. Tena mega zetu, yaani data za intaneti tunazolipia, zinaisha usiku, hali tumelala. Je, nimruhusu?

JIBU

Mama, salamu zako nimezipokea. Asiibandike orodha hiyo kwa sasa. Hata hivyo hofu yako ina msingi, na sehemu kubwa ya dawa iko ndani ya mashine zenyewe, bila kununua chochote.

Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, huzigawa data za uchunguzi, yaani habari ambazo Windows huituma kwake kuhusu mashine, katika mafungu mawili, za lazima na za hiari. Za lazima hueleza aina ya mashine, toleo la Windows, na kama masasisho yaliingia vizuri au yalishindikana. Za hiari zinakwenda mbali zaidi: zinaweza kutaja tovuti ulizofungua kwa kivinjari cha Microsoft na namna unavyotumia programu, na programu ikianguka ghafla zinaweza kuchukua hali ya kumbukumbu ya mashine kwa wakati huo. Hapo ndipo penye uzito kwako. Ukiwa umefungua jedwali la likelemba na programu ikakwama, kipande hicho cha kumbukumbu kinaweza kubeba mistari ya jedwali bila mtu yeyote kukusudia, na Microsoft wenyewe wanalieleza jambo hilo katika maandishi yao. Majina yale si yako peke yako. Akina mama walikupa kwa kukuamini, kwa hiyo mlango huo ndio wa kwanza kufungwa.

Kwa kuwa mashine nyingi za huku kwetu ziko kwa Kifaransa, katika Windows 11 ingia «Paramètres», kisha «Confidentialité et sécurité», kisha «Diagnostics et commentaires», uzime data za hiari. Katika ukurasa huohuo zima uboreshaji wa maandishi na matumizi ya data hizo kwa matangazo na mapendekezo, kisha ubonyeze kitufe cha kufuta data zilizokwisha kutumwa kutoka mashine hiyo. Upande wa «Général» (katika matoleo mapya jina hilo limebadilika) zima kitambulisho cha matangazo. Rudia kazi hii katika kila kompyuta na kwa kila mtumiaji mwenye jina lake la kuingilia, kwa sababu baadhi ya vitufe hivi humhusu mtumiaji mmoja tu. Usidhani ni vitufe vya mapambo: mwezi wa Julai 2016 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda data, CNIL, iliionya Microsoft hadharani kwamba Windows 10 inakusanya kupita kiasi, na ilifunga shauri hilo Juni 2017 baada ya data za kiwango cha chini kupunguzwa karibu nusu.

Za lazima, hata hivyo, hazizimiki katika matoleo ya Windows yaitwayo Home na Pro, yaliyomo katika kompyuta nyingi za nyumbani. Kuna agizo la mfumo liitwalo AllowTelemetry ambalo watu hupenda kuliandika sifuri. Sifuri hiyo huheshimiwa katika matoleo ya Enterprise na Education, lakini Home na Pro huisoma kama moja, yaani data za lazima zinaendelea kutumwa. Anayekuahidi kuifunga Windows ya nyumbani «kabisa» hajalijua jambo hili.

Kuhusu orodha, nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Kijana mmoja wa Kadutu aliniletea laptop ambayo haikuwa imepokea sasisho lolote kwa miezi kadhaa. Nilifungua faili iitwayo hosts, iliyo ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc, ambayo huiambia mashine kila jina la seva lina anwani gani, nikakuta mamia ya mistari inayoanza na 0.0.0.0, anwani isiyofika popote. Katikati ya majina ya kukusanya data alikuwa amebandika pia update.microsoft.com, jina la seva ya masasisho. Alitaka kumzuia mpelelezi, akamzuia na daktari. Isitoshe, tangu 2020 kinga ya Windows yenyewe huiona faili ya hosts inayozuia seva za data za Microsoft kuwa ni tishio, na inaweza kuirudisha ilivyokuwa bila wewe kujua.

Kama mnataka ulinzi wa nyumba nzima, njia iliyo bora ni Pi-hole, programu ya bure inayoweza kukaa katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kila mashine kabla ya kufikia seva huuliza kwanza anwani ya jina la seva hiyo; Pi-hole hupokea maswali hayo, huyaandika, na yale uliyoyakataza huyajibu kwa anwani isiyofika popote. Mwanao aanze kwa kusoma tu maswali yaliyoandikwa na Pi-hole kwa wiki moja bila kuzuia kitu, aone ni mashine gani inayouliza v10.events.data.microsoft.com, seva inayopokea data za uchunguzi, na saa ngapi. Hapo atazuia jina mojamoja, akijua alifanyalo. Lakini programu inayopiga anwani moja kwa moja, au inayouliza majina kwa njia iliyofumbwa, hupita pembeni. Pia modemu nyingi za makampuni ya simu hazikuruhusu kubadilisha DNS (mahali mashine zinapouliza anwani za majina), hivyo huenda mkahitaji ruta yenu nyuma yake. Na umeme wetu mnaujua: Pi ikizimika, nyumba nzima inapoteza intaneti hata kama modemu ina betri, na kuzimikazimika huharibu kadi yake ya kumbukumbu. Iwekeni kwenye betri moja na modemu.

Sasa mega za usiku. Data za uchunguzi ni ndogo; sidhani kama ndizo zinazokumaliza. Sasisho moja la mwezi la Windows 11 mara nyingi hupita mega mia kadhaa, na kila mashine hupakua lake. Kompyuta huiona Wi-Fi tu, haijui kwamba nyuma yake kuna modemu inayolipiwa kwa mega, lazima uiambie. Katika mipangilio ya mtandao wenu washa «Connexion limitée» kwenye kila mashine. Kwenye «Optimisation de la distribution» ruhusu kupokea masasisho kutoka kompyuta za nyumbani pekee, zisiwapelekee watu wa nje. Angalia pia kama OneDrive, hifadhi ya Microsoft kwenye intaneti, inanakili folda ya likelemba bila ninyi kuiomba, kwani hiyo hugusa mega na siri kwa pamoja. Kisha chagueni siku moja kila mwezi, mkiwa na kifurushi kikubwa, mwondoe kizuizi na kuacha masasisho yaingie yote.

Imebaki ile ya Windows 10. Msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hesabu za likelemba zisikae humo. Ikiwa haina TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya mashine kinachodaiwa na Windows 11, iwekeni Debian, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows: wakati wa kuisakinisha itawauliza kama mnataka kushiriki takwimu za programu mnazotumia, na jibu la «hapana» limekwisha kuchaguliwa tayari. Kabla ya kufuta chochote, nakili majedwali yote kwenye flash mbili, uzifungue zote mbili katika kompyuta nyingine, na uhakikishe kila jina na kila jumla vipo.