Padri akiwa na mafolowa wengi, wito unabaki?

Umeuliza kama padri akiwa staa mtandaoni wito wake unapotea, mi naona haupotei siku moja, unaliwa kidogo kidogo. Padri wetu mmoja wa zamani alikuwa anarekodi mahubiri kwa simu, safi kabisa, wagonjwa walikuwa wanafuatilia wakiwa nyumbani, ila baadae ukienda kuungama unamkuta sakristia na kanzu yake anasoma komenti, anakwambia subiri kidogo mwanangu, na foleni ya kitubio imefika mlangoni 😅. Shida ni kwamba siku ya upadrisho anaahidi utii kwa askofu, sasa mtu ana mafolowa laki tano akiambiwa apunguze anaona anaonewa wivu, na mashabiki wanamtetea kama timu ya mpira. Mcheki Frank Pavone, padri wa Marekani aliyejulikana kwa kupinga utoaji mimba, 2022 Vatikani ilimwondoa kwenye ukleri, yaani haruhusiwi tena kufanya kazi ya upadri, sababu zilizotajwa ni kuposti vitu vya kukufuru na kutomtii askofu wake. Sisemi wafunge akaunti, Papa Leo mwenyewe Julai 2025 alikutana Roma na mapadri na walei (waumini wa kawaida) wa mitandaoni. Ila akaunti iwe ya parokia, sio ya jina lake, akihamishwa anamwachia anayekuja.